Chanjo ya Mbwa na Paka ni Ulinzi wa Watoto Wetu

Mazungumzo ya Afisa Mifugo mbele ya wakazi wa Mtoni, Manispaa ya Temeke



Nimeombwa nizungumzie kinga na tiba kwa mbwa na paka. Natambua kwamba wapo miongoni mwetu wasiofuga mbwa, wengine kwa sababu ya imani na wengine kwa kukosa mahali pa kumweka. Nawaomba wasione kwamba maneno haya si yao. Mtoto anayetumwa dukani jioni akang'atwa njiani, huenda nyumbani kwao hakuna mbwa hata mmoja. Ndiyo maana suala la mbwa wa jirani ni suala la mtaa mzima, na ndiyo maana tumeitwa hapa sote.

Ugonjwa usio na tiba

Nianze na kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu husababishwa na kirusi kinachokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Kirusi huingia mwilini kwa jino, kwa ukucha wenye mate, au kwa ulimi unaolamba kidonda. Kikishaingia hakikimbilii damu. Hufuata mishipa ya fahamu polepole mpaka kifike kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa huweza kuwa wiki moja tu au hata mwaka mzima. Katika kipindi hicho jeraha hupona, kovu hubaki, na watu husahau. Kisha mgonjwa huanza homa, maumivu mahali alipong'atwa, wasiwasi, na hatimaye hofu ya maji na hofu ya upepo. Dalili hizo zikishaanza, hakuna hospitali yenye dawa ya kumrudisha. Karibu kila anayefikia hatua hiyo hufariki dunia.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi mno kati yao wakiwa Afrika na Asia. Takribani wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Kwa nchi yetu, makadirio ya wataalamu yanayotajwa mara nyingi ni vifo 1,500 hivi kwa mwaka. Na karibu katika kila kifo, asilimia 99, chanzo ni mbwa.

Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo habari njema. Ikiwa chanzo kinajulikana, basi mlango wa kufunga unajulikana. Kirusi kikikosa mbwa wa kuingia, hakina njia ya kumfikia mtoto.

Saba katika kila kumi

Chanjo ya kichaa cha mbwa si jambo jipya. Mtu wa kwanza kuokolewa kwa chanjo ya Louis Pasteur wa Ufaransa alikuwa mtoto wa miaka 9, mwaka 1885. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na siku hiyo ya Septemba ndiyo dunia huiadhimisha kama Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Wataalamu wamethibitisha kwamba wakichanjwa mbwa saba katika kila kumi, ugonjwa hukosa nguvu ya kusambaa. Mbwa mmoja mgonjwa akiwang'ata wenzake, wengi wao watakuwa wamekingwa, na mnyororo hukatika. Lakini kiwango hicho hakidumu. Mbwa wa mitaani kwetu hawaishi miaka mingi. Wengine hugongwa na magari Barabara ya Kilwa, wengine hufa kwa maradhi, na kila mwaka huzaliwa vitoto vingi ambavyo havijawahi kuchomwa sindano. Mtaa uliokuwa na saba katika kumi mwaka huu, mwakani unaweza kuwa na wanne tu. Kwa hiyo chanjo ni ya kila mwaka, wala si ya mara moja kisha tukapumzika.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Pemba. Kuanzia mwaka 2010 hadi 2015 palikuwa na mradi mkubwa wa kuchanja mbwa katika wilaya 28 za kusini-mashariki mwa Tanzania, zikiwamo za mkoa wetu wa Dar es Salaam na za kisiwa cha Pemba. Kule Pemba mbwa ni wachache na wakazi wengi hawawafugi, lakini waliopo walichanjwa kwa mfululizo, na ugonjwa ukatoweka kisiwani. Baada ya kampeni kulegea, mwaka 2016 kichaa cha mbwa kiliingia tena na kikasambaa. Chanjo ikarejeshwa, na kufikia mwishoni mwa mwaka 2018 ugonjwa ulikuwa umeondolewa kwa mara ya pili. Hapo tunapata mafunzo mawili: kazi hii inawezekana, na adui huyu hurudi mara tu tunapompa kisogo.

Nchi kubwa pia zimefanikiwa. Mexico, yenye majiji makubwa na mbwa wengi mno, ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 kuwa imekomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa. Haikufika hapo kwa bunduki. Ilifika kwa kuchanja mbwa bure, mwaka baada ya mwaka.

Kwa nini tusiwaue tu?

Swali hili huulizwa karibu kila mkutano, na linastahili jibu la heshima. Mtu aliyeona kundi la mbwa koko likizunguka jalalani alfajiri, wakati watoto wanakwenda shule, ana haki ya kuogopa.

Ndugu zangu, njia hiyo imejaribiwa. Katika kisiwa cha Flores nchini Indonesia, ugonjwa ulipoingia mwaka 1997, mbwa waliuawa kwa wingi sana. Ugonjwa haukwisha. Sababu inaeleweka. Mbwa wanapouawa, chakula na nafasi waliyoiacha hubaki palepale. Wengine huhamia kutoka mitaa ya jirani, na waliobaki huzaana upesi. Wenye mbwa huwaficha au huwahamishia kwa ndugu, na wakiwahamisha huhamisha na ugonjwa. Zaidi ya hayo, risasi na sumu hazimjui mbwa aliyechanjwa. Ukimuua mbwa aliyekingwa, umebomoa tofali la ukuta unaomlinda mtoto wako. Sumu nayo huokotwa na paka, na kuku, na hata mtoto mdogo achezaye uwanjani.

Kinachopunguza mbwa koko ni mambo matatu. La kwanza ni chanjo, ili waliopo wasiwe hatari ya kifo. La pili ni uzazi wa mpango kwa wanyama: kuhasi madume na kuwaondolea majike kizazi. Jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi na huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, watoto watano, sita au zaidi kwa kila uzazi. Watoto wasio na mwenyewe ndio mbwa koko wa kesho. La tatu ni taka. Wazee wa hapa wanakumbuka dampo la Mtoni na makundi ya mbwa yaliyokuwa yakilizunguka kabla taka za jiji hazijahamishiwa Pugu. Leo kila genge linalomwaga utumbo wa samaki kando ya njia, na kila banda la chakula linalotupa mifupa nyuma ya ukuta, linajenga dampo dogo la namna ileile. Mbwa hukaa palipo na chakula.

Mtu aking'atwa

Naomba sehemu hii isikilizwe na kila mzazi, na kila mwalimu aifikishe darasani.

Kwanza, osha jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15. Sabuni yoyote inafaa, hata ya kipande ya kufulia. Dakika 15 ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, tazama saa. Sabuni huharibu kirusi, na maji hukiondoa kabla hakijashika njia ya mishipa.

Pili, usipake pilipili, chumvi, majivu, mafuta ya taa wala manyoya ya mbwa aliyeng'ata. Vitu hivyo havizuii ugonjwa. Huchubua jeraha na huchelewesha safari ya kwenda hospitali.

Tatu, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Mganga ataamua aina ya huduma. Chanjo ya binadamu hutolewa kwa awamu: siku ya kwanza, siku ya tatu na siku ya saba baada ya hiyo, na katika baadhi ya ratiba kuna sindano za baadaye. Majeraha yaliyotoa damu huhitaji pia dawa ya kinga ya haraka inayochomwa kwenye jeraha lenyewe. Mtu akianza ratiba ni lazima aimalize. Wapo wanaoacha baada ya sindano ya kwanza kwa sababu nauli imekwisha au jeraha limekauka. Jeraha kukauka si dalili ya usalama.

Nne, toa taarifa kwa mtendaji wa mtaa na kwa Afisa Mifugo. Kama mbwa anajulikana na anaweza kufungwa bila hatari, afungwe na aangaliwe kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa akitoa kirusi alipong'ata. Lakini aliyeng'atwa asikae nyumbani kusubiri siku hizo zipite. Aende hospitali, mganga ndiye atakayeamua. Mbwa akifa au akiuawa, asizikwe wala kuchomwa kabla hatujafika, na asishikwe kwa mikono mitupu. Sisi wakazi wa Temeke tuna bahati: makao makuu ya Wakala ya Maabara ya Veterinari yapo hapahapa kwetu, katika eneo ambalo abiria wa daladala wanalijua kwa jina la Veterinari. Sampuli ya ubongo ikifika maabara, ukweli hujulikana.

Mbwa mwenye kichaa si lazima awe mkali. Yupo anayekimbia ovyo na kung'ata hata mawe. Yupo pia anayenyamaza, akajificha gizani, taya likaning'inia, mate yakatoka na sauti ikabadilika. Huyu wa pili ni wa hatari ya pekee, kwa sababu huonekana kama aliyekwamwa na mfupa kooni, na mwenye huruma huingiza mkono kinywani kuutoa. Usifanye hivyo kamwe. Tuite.

Wafundisheni watoto wasimsumbue mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha. Wasimkimbie mbwa, bali wasimame wima na kutulia. Na zaidi ya yote, wasifiche wanapong'atwa. Mtoto anayeogopa kuchapwa kwa kosa la kumchokoza mbwa atanyamaza. Kunyamaza huko kunaweza kumgharimu uhai. Mwambieni mapema kwamba akisema hatapigwa.

Ratiba ya mfugaji

Sasa nizungumze na wenye wanyama. Kitoto cha mbwa kipewe dawa ya minyoo kuanzia wiki ya pili baada ya kuzaliwa, na kila baada ya wiki mbili mpaka kifikishe miezi mitatu. Mbwa mkubwa apewe kila baada ya miezi mitatu. Minyoo ya mbwa haiishii kwa mbwa: mayai yake hubaki kwenye mchanga, na mabuu ya safura ya mbwa huingia katika ngozi ya mtoto anayecheza bila viatu, akapata mistari inayowasha na kutambaa mguuni.

Kuanzia wiki ya sita hadi ya nane, kitoto kianze chanjo ya mchanganyiko inayokinga maradhi kama distempa na parvo, na irudiwe kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya kumi na sita. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Katika kampeni za mtaa leteni hata wale wadogo zaidi. Tutawachanja na kuwaandikia tarehe ya kurudia. Hifadhini cheti cha chanjo kama mnavyohifadhi kadi ya kliniki ya mtoto.

Parvo hutambulikana kwa kutapika, kuharisha damu yenye harufu kali na kukataa chakula. Huua vitoto kwa siku chache. Hakuna dawa ya kuua kirusi chenyewe. Tiba ni maji ya mishipa na uangalizi, na anayewahi siku ya kwanza ana nafasi kubwa kuliko anayekuja siku ya tatu. Kirusi hiki hudumu ardhini kwa miezi mingi, kwa hiyo aliyepoteza kitoto asilete kingine kisichochanjwa katika banda lilelile.

Kupe nao si wa kudharauliwa. Hufyonza damu na huingiza vimelea vinavyoleta homa, ufizi mweupe na udhaifu. Kagueni masikio na katikati ya vidole kila wiki. Panya na maji machafu, hasa mvua zinapofurisha mabonde ya Mto Kizinga, huweza kuleta ugonjwa ambao Watanzania wengi waliusikia mwaka 2022 ulipozuka mkoani Lindi kwa jina la homa ya mgunda. Mbwa huupata na huutoa kwa mkojo. Chanjo nyingi za mchanganyiko humkinga mbwa dhidi yake, muulizeni daktari.

Paka wa nyumbani

Paka ni kipenzi cha nyumba nyingi za Uswahilini. Hula panya, hukaa jamvini na wazee, na hakuna anayemuogopa. Lakini paka aliyeng'atwa na mbwa mgonjwa hupata kichaa na huambukiza. Naye achanjwe kila mwaka. Siku ya chanjo mleteni ndani ya kikapu chenye kifuniko au tenga lililofungwa vizuri. Paka wa mkononi akisikia mbwa wakibweka hukimbia, na kabla ya kukimbia hukwaruza. Mbwa naye aletwe na mtu mzima mwenye nguvu za kumzuia, akiwa na mnyororo au kamba imara. Tusiwatume watoto kazi hii.

Wajawazito huambiwa wamtupe paka. Si lazima. Kimelea kinachohofiwa hukaa katika kinyesi chake na katika nyama isiyoiva. Kinyesi kiondolewe kila siku na mtu mwingine, mikono ioshwe, mboga zisafishwe na nyama iive vizuri.

Dawa si za kubahatisha

Jambo la mwisho kuhusu tiba. Paracetamol, dawa tunayoiona nyepesi, humuua paka. Hata kidonge kimoja ni kingi. Dawa zetu za maumivu ya viungo hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Dawa ya kuogeshea ng'ombe au mbwa ikipakwa kwa paka huweza kumtia kifafa na kumuua. Na antibayotiki inayochomwa kwa kukisia, leo robo dozi, kesho nyingine, huzalisha vimelea sugu ambavyo kesho vitamsumbua binadamu.

Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka huduma hizi zitolewe na wataalamu waliosajiliwa na Baraza la Veterinari. Muulizeni mtu anayekuja na sindano mfukoni: amesajiliwa wapi, na chanjo yake ametoka nayo katika kasha lenye barafu au katika begi lililoachwa juani? Chanjo iliyoharibika haina tofauti na maji, ila inampa mwenye mbwa amani ya uongo. Nayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama ampe chakula, maji, malazi na matibabu. Mbwa aliyefungwa mchana kutwa juani bila maji, kisha akafunguliwa usiku alinde, hutoka na hasira.

Tunachokiomba

Ndugu wananchi, naomba tukubaliane mambo manne kabla hatujatawanyika. Kila mwenye mbwa au paka amwandikishe kwa mjumbe wake, ili tujue idadi na tujue saba katika kumi ni wangapi. Tangazo la vituo vya chanjo likibandikwa katika ofisi ya serikali ya mtaa, litangazwe pia misikitini, makanisani na shuleni. Kila aliyeng'atwa aoshwe na apelekwe siku hiyohiyo. Na kila genge na banda la chakula lifunike taka zake.

Dunia imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asife mtu tena kwa kichaa cha mbwa. Mtoni haihitaji kungoja dunia. Idadi ya mbwa wetu inahesabika, mitaa yetu inafikika kwa miguu, na maabara ipo jirani. Gharama ya kumchanja mbwa mmoja ni ndogo mno ukiilinganisha na sindano za mtu mmoja aliyeng'atwa. Na sindano hizo nazo ni ndogo ukizilinganisha na jeneza la mtoto. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu tunauona sote.

Sasa nipo tayari kwa maswali yenu.